Mashine Aliyoichagua Modesti

Mwenyekiti wa kwaya, Mama Bertha, alimkabidhi Modesti bahasha baada ya misa, palepale mlangoni mwa kanisa, watu wakiwa bado wanasalimiana na kuulizana habari za mashamba. Alimkabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi.

"Kamati imekaa," alisema. "Tumeona kwaya yetu nayo iwe na mashine ya ngoma. Wenzetu wote wanazo. Tukajiuliza, nani aende mjini akachague? Kila mmoja akasema Modesti. Nani mwingine hapa anayejua ngoma?"

"Mashine ya ngoma," Modesti alirudia.

"Ya bei nafuu, lakini nzuri. Iwe imefika kabla ya misa ya mavuno."

Modesti akaipokea bahasha, akasema asante. Ndiyo, alisema asante! Mtu anapewa hela akanunue kitu cha kumwondoa kwenye kigoda chake, naye anashukuru. Lakini tusimcheke mapema. Maneno ya Bertha yalikuwa matamu, na mtu akipewa maneno matamu ghafla, ulimi hujibu kabla kichwa hakijaamka.

Modesti alikuwa mpiga ngoma wa kwaya ile tangu ujana wake, kabla hata Bertha hajaolewa pale kijijini Izia. Alipiga ngoma tatu, ile kubwa ya ngozi ya ng'ombe na mbili ndogo za ngozi ya mbuzi, na alizihudumia kama mtu anavyohudumia mifugo. Siku za baridi, upepo wa Ufipa unapopenya mpaka kwenye mifupa na ngozi za ngoma zinalegea, alifika kanisani kabla ya katekista ili aziweke juani nyuma ya sakristia. Ila mwaka uliopita bega lake la kulia lilianza kumletea maneno. Siku ya Pasaka, katikati ya wimbo wa Utukufu, mkono uligoma hewani. Kwaya ikaendelea kuimba bila ngoma, na baada ya misa hakuna aliyesema lolote. Walimuuliza tu habari za kuku wake.

Na hapo ndipo penye ugumu. Katika kwaya ile hakuna mtu aliyewahi kuambiwa aache. Mtu anapumzishwa. Sauti ya Mama Yustina ilipoanza kukwaruza, hakuambiwa anakwaruza. Alifanywa mlezi wa kwaya, akawekewa kiti mbele, na tangu siku hiyo kazi yake ni kupiga makofi na kutabasamu. Mpaka leo Mama Yustina anaamini alipandishwa cheo. Basi Modesti alitembea kwenda nyumbani na bahasha yake mfukoni, hajui kama ameheshimiwa au amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mkewe, Fortunata, alikuwa uani anapepeta maharage. Alisikiliza habari yote bila kusimamisha ungo.

"Kwa hiyo wamekupumzisha," alisema.

"Hawakusema hivyo."

"Wamesema nini?"

"Wamesema nikachague."

"Basi hawajakupumzisha. Mtu aliyepumzishwa hatumwi dukani." Akapepeta tena, akawaza. "Au pengine ndiyo wamekupumzisha, Baba Lazaro. Sijui. Wewe ulimuuliza?"

"Ningeulizaje? Alikuwa ameshika bahasha kwa mikono miwili."

Fortunata akacheka, na Modesti akaudhika kwa sababu hakuona cha kuchekwa.

Jumatatu akaenda mjini. Duka aliloelekezwa lilikuwa karibu na soko, duka la spika, nyaya, maikrofoni na vinanda. Mwenye duka, Lukmani, alikuwa safarini Tunduma kufuata mzigo, na aliyekaa kwenye kaunta ni mkewe, Hasna, mwanamke wa makamo mwenye ushungi wa kijani na macho ya mtu asiyedanganyika kirahisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nataka mashine ya ngoma. Ya bei nafuu, lakini nzuri." Akamtajia hela iliyokuwa kwenye bahasha.

"Kila anayeingia hapa anataka hivyo," Hasna alisema, akashuka kwenye stuli. "Zipo aina tatu. Nikuonyeshe zote, uchague mwenyewe."

Akapanga vitu vitatu juu ya kaunta, na kuanzia hapo kichwa cha Modesti kikaanza kuzunguka.

Cha kwanza kilikuwa kisanduku chenye vibao laini vya mpira, kila kibao na sauti yake. Ukikigusa hiki kinalia ngoma kubwa, ukikigusa kile kinalia ngoma ndogo, na kingine makofi. Unaweza hata kurekodi ngoma yako mwenyewe ukaiweka ndani. Modesti aliyasikiliza hayo yote kwa makini, kisha akakichukua kisanduku, akaenda nacho dirishani na kukiweka pale jua lilipokuwa linaingia.

"Mzee, unafanya nini?"

Modesti akashtuka. Mikono ilikuwa imemtangulia. "Nimezoea kuzipasha kwanza," alisema kwa aibu.

"Hizi hazipashwi," Hasna alisema, lakini hakumcheka. "Kwetu dufu tunazipasha pia, siku za maulidi. Hizi ndizo hazitaki. Jua linaziua."

Modesti akakirudisha kaunta, akakipiga kwa kiganja jinsi alivyozoea. Sauti zote zikalipuka kwa pamoja, ngoma, makofi, kengele na kitu kama sahani iliyoanguka. Mteja aliyekuwa anachagua chaja akaruka pembeni.

"Vidole, mzee! Vidole tu, taratibu."

Akajaribu vidole. Lakini vidole vya Modesti havikuwahi kufanya kazi kila kimoja kivyake. Maisha yake yote viliishi pamoja ndani ya kiganja. Kimoja kilichelewa, kingine kiliwahi, na mdundo aliokuwa anaujua hata usingizini ukatoka vipandevipande. Akaondoa mkono, akauficha mfukoni.

"Hiki hapana," alisema.

Cha pili kilikuwa kidogo zaidi, hakikufika ukubwa wa mkate, kimejaa vitufe vilivyopangwa safu na vidude vya kuzungusha. Hasna alisema wenyewe wanaita sintesaiza ya ngoma. Ndani yake hamna ngoma yoyote iliyorekodiwa. Sauti inatengenezwa na umeme, palepale.

"Hamna ngoma ndani?"

"Hamna."

"Sasa umeme umeijulia wapi ngoma?"

"Hata mimi nilimuuliza Lukmani hivyohivyo," Hasna alisema. "Akaniambia nisikilize tu."

Akabonyeza. Kikatoa mlio mwembamba kama wa debe. Modesti akakunja uso. Hasna akazungusha kidude kimoja, mlio ukashuka. Akazungusha tena, ukanenepa.

"Ngoja," Modesti alisema. "Shusha kidogo. Tena. Usiukate mwisho wake, uache uvute. Hapo... rudi nyuma kidogo. Hapo!"

Vinyweleo vikamsimama. Ilikuwa sauti ya ngoma yake kubwa. Si kama ya redio au ya spika za harusini, bali ile yenyewe, ya asubuhi ambayo ngozi imelipata jua vizuri, inayoingilia miguuni kabla ya masikio. Aligeuka kuangalia nyuma yake, utadhani kuna mtu ameileta ngoma dukani kwa siri.

Hasna akamwomba ampe mdundo wowote. Modesti akamtajia ule wa kupeleka vipaji, yaani mazao ya sadaka, altareni siku ya mavuno, akimgongea kaunta kwa kidole huku Hasna akibonyeza vitufe kimoja kimoja. Taa nyekundu zikaanza kukimbizana kwenye safu, na mdundo ukaenda. Modesti akaimba chinichini. Ukaenda. Akaimba ubeti wa pili na wa tatu, ule mrefu ambao siku hizi bega linaanza kuwaka moto kabla haujaisha. Mdundo ukaenda vilevile. Yule mteja wa chaja alikuwa anatikisa kichwa.

"Inachoka lini?" Modesti aliuliza.

"Umeme ukikatika."

Hapo akaogopa. Aliogopa kabisa, na pamoja na woga akaona wivu, mzee mzima akimwonea wivu mdude uliokuwa unamkonyeza kwa taa. Kitu hiki kikifika Izia, alijua, hakuna atakayemwita tena, hata kwa mazishi ya siku za wiki. Watu watafunga macho na kusema Modesti yupo palepale, wakati Modesti atakuwa kwenye kiti cha mlezi, karibu na Mama Yustina, anapiga makofi.

"Hicho cha tatu ni nini?" aliuliza.

Cha tatu kilikuwa kinanda cha plastiki cha mtumba chenye midundo iliyokwisha kupangwa. Unabonyeza mmoja, unajiendea wenyewe. Hasna alikiwasha bila hamu. Kikatoa ti-ka, ti-ka, ti-ka, kama mtu anayekung'uta bakuli la plastiki mlangoni. Hakikuwa na sauti ya chini hata kidogo. Tena kilikuwa na haraka isiyo na sababu, na kilipofika mwisho wa mdundo kiliongeza vurumai ya vigongo ambayo hakuna aliyeiomba. Modesti alikisikiliza na kuelewa mara moja kwamba kinanda hiki kitaiaibisha kwaya kabla haijamaliza ubeti wa pili.

Na ndipo wazo lilipomjia, na nasikitika kusema kwamba halikubisha hodi mara mbili. Wakiimba na hiki, wataona. Bertha mwenyewe atakuja nyumbani, atakaa kwenye kigoda uani, atauliza habari za kuku, halafu atasema, Modesti, tumekukosa. Bega litapakwa dawa. Mambo yatarudi yalivyokuwa.

"Nifungie hicho."

Hasna akamtazama. "Hiki? Mzee, sikufichi. Hiki nawauzia wenye watoto wadogo, cha kuchezea. Hela uliyosema inakitosha kile cha taa."

"Hichohicho."

"Na kile kilichokutoa machozi?"

"Ni vumbi," Modesti alisema, akageukia mlangoni.

Wiki nzima alikuwa hasomeki. Asubuhi alijiambia amewakomoa, na mchana akajiona mwizi. Jioni aliona wao ndio waliomwibia, na kwamba yeye amejitetea tu. Fortunata alimuuliza kama amepata mashine nzuri, akajibu kwamba mambo ya mashine ni magumu, mtu hawezi kujua mpaka isikike. Hilo halikuwa uongo, na hata hivyo alilisema akiangalia pembeni.

Jumamosi ya mazoezi ikafika. Mwalimu wa kwaya, Ngeleja, kijana mrefu ambaye wazazi wake walihamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, akakifungua kinanda kwenye boksi, akakiunganisha na spika, akachagua mdundo. Modesti alikuwa amekaa benchi la nyuma kabisa, mikono kifuani. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu. Hata sura ya mshangao aliifanyia mazoezi.

Ti-ka, ti-ka, ti-ka.

Kwaya ikaanza wimbo wa vipaji. Sauti ya tatu ikachelewa, kwa sababu mdundo ulikuwa unakimbia, nayo ikalazimika kuruka maneno ili iwafikie wenzake. Zile nafasi ambamo ngoma kubwa huita na akina mama kuitikia kwa miguu zilipita tupu. Modesti akaangalia nyuso zao moja moja, akisubiri wa kwanza akunje uso.

Hakuna aliyekunja. Bertha alikuwa anacheza. Mmoja wa akina mama akapiga kigelegele, wengine wakampokea, na Ngeleja akanyanyua dole gumba kuelekea benchi la nyuma. Ile vurumai ya vigongo ilipokuja, ambayo Modesti aliiona kuwa aibu kubwa kuliko zote, wote wakacheka kwa furaha na kuomba irudiwe.

"Safi!" Bertha alisema wimbo ulipoisha, akihema. "Si niliwaambia? Mtumeni anayejua!"

Modesti akasimama. Alidhani wanajikaza kwa adabu, kama walivyojikaza siku ya Pasaka. "Mnaisikia vizuri?" aliuliza.

"Tunaisikia, baba!"

"Hamuoni inakimbia? Na ule mdundo wa chini, haupo. Mnaimba bila chini."

Wakatazamana. Ngeleja akakikagua kinanda, akaongeza sauti, ti-ka ikawa kubwa zaidi. "Nadhani sasa iko sawa, mzee," alisema kwa heshima zote. "Tutaizoea."

"Mzee wetu hapendi kujisifu," Bertha alisema, na watu wakampigia makofi. Kisha wawili wakaenda sakristia, wakarudi na kiti chenye kitambaa cha kufumwa mgongoni, wakakiweka mbele karibu na cha Mama Yustina. Mama Yustina akasogea kumpisha, akampigapiga begani, lile bovu, akamwambia, "Karibu, mlezi mwenzangu. Utapapenda."

Akakaa. Angefanya nini? Alikaa akiwatazama, na kwa mara ya kwanza hakujua ni watu gani aliokuwa akiwapigia ngoma miaka yote ile. Aliamini wanausikia mkono wake. Akipunguza kidogo ili bibi mwenye ungo wa ulezi afike altareni bila kuyumba, aliamini wanajua. Akiikandamiza kubwa ili sauti ya tatu ipate pa kusimama, aliamini wanashukuru kimoyomoyo. Kumbe pengine walisikia kelele tu, na kelele yoyote ingetosha. Au walikuwa wanasikia, na sasa wameacha? Mtu anaachaje kusikia kwa wiki moja? Aliligeuza swali hili huku na huku, na kila upande lilimwumiza.

Nyumbani alimweleza Fortunata kila kitu, hata la kununua kibaya kwa makusudi. Fortunata aliweka ungo chini.

"Ulitaka wakichukie," alisema mwishowe.

"Nilitaka wakichukie."

"Nao wamekipenda."

"Wamekipenda."

"Sasa si nafuu yako? Hela haikupotea, watu wanakusifu, bega linapumzika. Wewe unalia nini?"

Modesti akainuka, akaenda kuwafungia kuku. Kesho yake alikaa kanisani kwenye kiti chake cha ulezi, akasikiliza misa yote na ti-ka yake. Wakati wa matoleo watu waliinuka na sahani zao ndogo za Jumapili ya kawaida. Alimwona bibi mmoja jirani yake akianza kucheza kama alivyocheza miaka yote, mguu ukishuka kutafuta ule mdundo wa chini. Mguu haukuupata. Ukashuka tena, ukakosa. Bibi akatazama sakafu, kama mtu aliyedhani kuna ngazi moja zaidi. Kisha akaacha kucheza, akatembea tu, akaweka sadaka yake na kurudi. Labda alidhani ni uzee wake.

Jumapili iliyofuata ingekuwa mavuno. Wangepanda altareni na magunia ya mahindi, na maharage, na kuku, na nyungo za ulezi kichwani, na wote wangekitafuta kitu kilekile chini ya miguu yao, wasikipate, na kila mmoja angejilaumu mwenyewe kimyakimya. Modesti alikuwa amewafanyia hivyo. Alijisikia vibaya kiasi kwamba kiti, Bertha na Mama Yustina wote walimtoka akilini.

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni mwa duka kabla halijafunguliwa, boksi la kinanda likiwa chini ya mkono wa kushoto. Hasna alimkuta pale, wakasalimiana. Alipoliona boksi akanyanyua macho kwenye kibao kilichopigiliwa juu ya kaunta, kinachosema mali ikishauzwa hairudishwi.

"Kimeharibika?"

"Hakijaharibika. Kinalia vilevile." Modesti akakiweka kaunta taratibu. "Naomba unibadilishie. Nataka kile cha taa. Na nakuomba ukitege kama siku ile, pale nilipokwambia hapo, usisogeze hata kidogo. Nitamfundisha kijana wetu mdundo wa vipaji mimi mwenyewe."

Hasna alivuta boksi upande wake. Alikuwa amekwisha kuelewa, au alidhani ameelewa, na akatabasamu kwa upole wa mtu asiyetaka kusema nilikwambia.

"Watu hawakukipenda, eh?"

"Wamekipenda sana, mwanangu," Modesti alisema. "Ndiyo maana nimekirudisha."